Bei ya Mkono Mmoja

Trei la tambi lilimponyoka Glenda Truax watoto wa darasa la tatu wakiwa wameshapanga foleni, na kuku, tambi na mchuzi vikaenda kulala chini ya meza ya maziwa. Hakuna aliyeungua. Mtoto mmoja alipiga makofi, wenzake wakamfuata, maana watoto wa mji mdogo wa Wexley hawana burudani nyingi. Glenda aliinama kuokota, mkono wa kulia ukakataa kufumba. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, kama vya mtu mwingine aliyemwazima kwa siku hiyo tu.

"Hilo la tatu mwezi huu," alisema Roxanne, msimamizi wa jiko, akimpa ufagio.

"La pili. Lile jingine lilikuwa maharage, na yalikuwa yameshapoa."

"Glenda, dada, mimi nakupenda. Lakini huko juu wananiuliza. Shule ikifunguliwa Agosti, mtu wa jikoni lazima anyanyue trei la ratili hamsini mpaka kifuani. Ndiyo kanuni. Asiyeweza, wanamtafutia keki ya kumuaga."

Kazi yenyewe haikuwa ya kumfanya mtu aringe. Ilikuwa ya kofia ya wavu, viatu vya mpira na kupigiwa kelele na wenye miaka minane. Lakini ndiyo iliyobeba bima, na bima ndiyo iliyobeba dawa za sukari za mumewe Verl. Kila mwezi dola mia nne na kumi zilikatwa kwenye mshahara wa Glenda kabla hajauona. Bila jiko hakuna bima, na bila bima Verl angebaki anatazamana na sukari yake.

Daktari aliugeuza mkono, akaugonga hapa na pale, akasema mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo. Upasuaji mdogo. Wanachana, wanalegeza, wanashona, mgonjwa anarudi nyumbani kula aisikrimu.

"Ni bei gani?" Glenda akauliza.

Daktari alimtazama kama mtu aliyeulizwa uzito wa mkewe. "Hilo waulize wa mapokezi."

* * *

Mwaka ule jimbo lilikuwa limepitisha sheria ya bei za matibabu, na mlangoni mwa hospitali ya Wexley palibandikwa bango kubwa la buluu: UNA HAKI YA KUJUA BEI. Glenda ni mtu wa kuamini mabango. Pakiandikwa usikanyage nyasi, hakanyagi. Akapiga simu.

"Inategemea, mama," ilisema sauti ya Kaylin, binti wa mapokezi, ambaye Glenda alimpakulia viazi vya kuponda tangu hana meno ya mbele.

"Inategemea nini?"

"Bima yako, chumba, dawa ya ganzi, na kama kuna kitakachojitokeza."

"Kitajitokeza nini, mwanangu? Ni mkono tu. Nimekuwa nao miaka hamsini na nane."

"Sawa, mama. Ila bei zote ziko kwenye tovuti. Sheria imetulazimisha."

Kweli zilikuwepo. Simu ya Glenda ilijaribu kuzifungua ikazimika. Kompyuta ya maktaba ilizifungua baada ya mkutubi kumshauri akatembee kidogo, na aliporudi alikuta mistari isiyo na mwisho, yote tarakimu na vifupisho, kama kitabu cha kabila ambalo halijawahi kuongea. Mkono peke yake ulikuwa na mistari arobaini na ushee. Wa kwanza ulikuwa bei ya kuku, wa mwisho bei ya trekta. Akaomba makadirio ya maandishi, maana hiyo nayo ilikuwa haki yake, na makadirio yakaja: kati ya dola elfu tatu na mia moja na dola elfu kumi na nne na mia nane. Chini yake walimshukuru kwa kuwaamini.

"Hii si bei," alisema Verl, akiisoma mezani huku anakula mkate wenye siagi ya karanga. "Huu ni utabiri wa hali ya hewa. Piga hospitali ya Pell. Soko ni soko, mke wangu. Duka moja likikulalia, unavuka barabara."

Pell iko kaunti ya jirani. Glenda akapiga, simu ikalia mara moja.

"Hospitali ya Pell, naitwa Kaylin, nikusaidie nini?"

Glenda aliitazama simu. "Kaylin?"

"Ndiyo, mama Truax. Tuliongea juzi juzi."

"Umehamia Pell?"

"Sijahamia popote. Pell ni yetu sasa. Na hospitali ya Corwin pia. Napokea simu zote hapa hapa, kwenye kiti hiki hiki."

"Na bei ya huko?"

"Inategemea, mama."

Wala msidhani watunga sheria hawakuliona hilo. Waliliona. Sheria ilisema hospitali ikitaka kuinunua nyingine ni lazima iiarifu serikali mapema, ili ushindani usife kienyeji. Kampuni iliyokuwa inazinunua ikaarifu. Serikali ikaijibu kwa kuishukuru kwa taarifa. Kwa namna hiyo ushindani ukalindwa Wexley yote.

* * *

Verl anaendesha gari la viti kumi na tano, na abiria wake ni Waamishi, wale jirani zao wa kofia pana na magari ya farasi. Dini yao inawakataza kumiliki gari, haiwakatazi kukaa ndani ya la Verl. Bima pia hawana. Mmoja wao akiugua, kanisa linachanga, na shemasi anakwenda hospitali kupatana bei kama anayenunua shamba.

"Lizzie, mke wa shemasi Orva Yutzy, alichanwa mkono ule ule," Verl alisema siku moja akivua viatu. "Daktari yule yule. Nilimpeleka mimi mwenyewe. Elfu moja na mia tisa, kila kitu humo humo."

"Umejuaje?"

"Orva nilikuwa naye garini. Ile bei anaitaja kama mtu anavyomtaja mjukuu aliyeshinda mtihani."

Glenda hakumaliza hata kahawa. Akavaa koti, akaenda hospitali, akasimama mbele ya Kaylin. Nyuma yake palikuwa na foleni ya watu watano, na wote watano aliwahi kuwapakulia chakula wao au watoto wao.

"Nataka bei ya Waamishi," akasema.

Kaylin alishusha sauti. "Mama Truax, hiyo ni yao wenyewe, nao hawana bima."

"Basi sina."

"Unayo. Naiona hapa kwenye kompyuta."

"Nimeiacha nyumbani."

"Huwezi kuiacha nyumbani, mama. Si mwavuli."

Kwenye foleni mtu mmoja alikohoa kikohozi kisicho na kifua. Glenda alihisi masikio yanawaka, lakini alishafika, na kurudi nyuma kungekuwa mbele ya watu wale wale.

"Hebu nieleweshe polepole, maana mimi ni mtu wa jikoni. Nikitumia bima, natoa elfu saba na mia tano kutoka mfukoni kwanza, ndipo bima nayo ianze kutoa chake. Nisipoitumia, ni elfu moja na mia tisa. Sasa kila mwezi huwa nalipia nini?"

"Kinga, mama."

"Kinga dhidi ya nini?"

Kaylin aliangalia kompyuta, kompyuta haikumsaidia. "Dhidi ya gharama za matibabu," akasema, naye masikio yakamwaka. Halafu akaongeza kwa huruma ya kweli, na hiyo ndiyo iliyouma zaidi: "Kuna fungu la wasiojiweza. Leta tu hati za mshahara wako na wa mzee, tuone kama mnatosha kuitwa hivyo."

* * *

Orva Yutzy alikuwa bandani anamfunua farasi midomo. Ni shemasi siku ya Jumapili na dalali wa farasi siku nyingine zote, na wanaomjua husema ukipatana naye bei, ukifika nyumbani hesabu vidole vyako. Alimsikiliza Glenda bila kuuachia ulimi wa farasi.

"Kwa hiyo unataka nikubatize," akasema.

"Sijasema hivyo, Orva."

"Ibada inachukua saa tatu nzima. Kijerumani mwanzo mpaka mwisho. Mabenchi hayana mahali pa kuegemea. Simu utaiacha, na Verl ataliacha gari."

"Verl akiacha gari, wewe nani atakubeba?"

"Ndiyo maana mpaka leo sijambatiza."

Akamwachia farasi, akajifuta mikono kwenye suruali. "Sikia, Glenda. Hawatupi ile bei kwa kutupenda. Sisi tunalipa haraka, taslimu, na hatuendi mahakamani. Nyinyi Waingereza mnachelewa kulipa, halafu mnashtaki." Kwa Waamishi, kila asiye wao ni Mwingereza. Hata Verl, ambaye babu za babu zake walipigana na Waingereza mpaka wakawafukuza, naye ni Mwingereza.

"Mimi sijawahi kumshtaki mtu."

"Najua. Lakini bei haikukatwa kwa jina lako. Na nakuomba jambo moja: usiitaje popote. Bei nzuri ni kama farasi mzuri. Ukimtembeza sana barabarani, atatokea wa kumtamani."

"Sitaitaja," Glenda akasema, na akampa mkono.

* * *

Mwezi Juni mheshimiwa Craig Dunaway, mjumbe wao kwenye baraza la jimbo, alikuja Wexley kuisherehekea sheria yake. Mkutano uliwekwa kwenye ukumbi wa chakula wa shule. Roxanne akamwomba Glenda aje kukata pai za krimu kwa kujitolea, kwa sababu uwazi wa bei haukuwa na bajeti ya pai. Glenda alikata kwa mkono wa kushoto. Vipande vilitoka vikubwa kwa vidogo, na watu wakavigombania vile vikubwa kwa adabu kubwa.

Mbele alikaa mkurugenzi mpya wa hospitali, Preston Ackley, kijana aliyetumwa na Kampuni kutoka mji mkuu, mwenye viatu visivyowahi kukanyaga samadi. Nyuma kabisa alikaa Orva, kofia magotini. Alikuja kusikia kama wenye hospitali wapya watayaheshimu makubaliano ya wa zamani. Mpiga picha alimwita aje asimame na mheshimiwa, na kwa kuwa Waamishi hawapigwi picha, Orva aliinua kofia akaufunika uso. Mheshimiwa akapigwa picha na kofia.

"Zamani mgonjwa alikuwa gizani," mheshimiwa alihutubia. "Leo taa imewashwa. Leo kila raia ananunua matibabu kama anavyonunua viatu. Kuna swali?"

"Ninalo," alisema Glenda, kisu cha pai mkononi. "Mkono wangu ni bei gani?"

Watu walicheka. Mheshimiwa naye akacheka, akampisha mkurugenzi.

"Swali zuri sana, mama," alisema Ackley. "Unajua, kila mgonjwa ana safari yake."

"Mimi sisafiri. Naishi mtaa wa pili kutoka hapa."

"Tunaweza kukupatia makadirio."

"Ninayo. Yanaanzia elfu tatu na kitu, yanafika elfu kumi na nne na kitu. Mheshimiwa, ukienda kununua hivyo viatu ukajibiwa namna hiyo, utavua vya zamani?"

Safari hii kicheko kilikuwa kikubwa, na hakikumwelekea yeye. Ackley alisubiri kiishe. Alifundishwa kutabasamu, na alikuwa mwanafunzi mzuri.

"Mimi nimeupenda sana mji huu," akasema. "Hii pai, kwa mfano. Mama, miji yenye umoja kama huu huandaa chakula cha hisani kanisani. Ukipika pai chache kama hizi, jirani zako wakaja wakanunua, mkono wako umelipiwa."

Wengine walipiga makofi, maana lilisemwa kwa upole. Glenda hakusikia upole. Alikuwa amevipika vyakula hivyo miaka yote. Alipika kwa ajili ya damu ya kijana wa akina Hobbs, akapika kwa ajili ya mgongo wa mwalimu wa mpira, akapika tambi kwa ajili ya kichanga ambacho baadaye kilizikwa kwa fedha zilizobaki. Alijua jino moja ni pai ngapi. Ulimi ukamtoka kabla hajaukamata.

"Waamishi mnawatoza elfu moja na mia tisa," akasema. "Mkono kama huu, daktari huyo huyo. Mbona wao hamkuwaambia wapike pai?"

Ackley aliinamia karatasi zake. "Hakuna bei ya namna hiyo kwenye orodha yetu, mama," akasema, na hapo alisema kweli tupu, kwa sababu kwenye orodha haikuwepo.

Mwandishi wa gazeti alikuwa anaandika. Mheshimiwa alimwona anavyoandika, akatafuta kwa macho mtu wa kumtoa kwenye shimo, macho yakaangukia kofia. "Mzee Yutzy. Wewe ni mtu wa Mungu. Bei hiyo ipo au haipo?"

Hapo ndipo Glenda alipokumbuka alichokifanya. Alimtazama Orva, akatamani sakafu ile aliyoipiga deki miaka yote ifunguke immeze yeye na meza ya pai. Orva angeweza kunyamaza. Wazee wa dini yake walinyamaza mbele ya wafalme, wakachomwa moto wamenyamaza. Lakini safari hii kunyamaza kungemwacha mwanamke mwenye kisu cha pai akiitwa mwongo mbele ya mji wake.

Akasimama. "Ipo," akasema. "Elfu moja na mia tisa. Tulipeana mikono."

Akavaa kofia yake, akatoka, akaenda kukaa ndani ya gari la Verl kumsubiri dereva.

* * *

Mawakili wa Kampuni waliisoma sheria wiki ile ile. Sheria ilitaka kila bei inayotozwa ionyeshwe kwa wote. Kwa hiyo njia zilikuwa mbili: kuiandika elfu moja na mia tisa ubaoni kila mtu aione na aidai, au kuifuta. Nadhani hawakuhitaji hata chai kufikia uamuzi. Mkono wa Mwamishi ukapanda mpaka elfu sita na mia mbili, kama wa mtu yeyote asiye na bima, na mheshimiwa akaliambia gazeti kuwa huo ni ushindi wa usawa.

Simu ya Verl ikanyamaza. Waamishi humpigia kutoka kwenye vibanda vya simu mwisho wa mashamba yao, na sasa vibanda vilikuwa vinamwita dereva wa Pell, ambaye gari lake linanuka mbwa. Hawakumkasirikia Verl. Waamishi hawakasiriki, wanapiga simu kwingine tu.

"Ungemaliza kukata pai, mke wangu," Verl alisema. Alikuwa anaosha gari ambalo halikuwa limechafuka.

"Aliniambia nikapike pai, Verl."

"Nilisikia, nilikuwa mlangoni. Nusura nimrushie kofia." Akakamua kitambaa. "Lakini Orva ulimpa mkono."

"Nilimpa," Glenda akasema. Akarudi ndani akajaribu kunyanyua sufuria la maji, na sufuria likatua lilikotaka lenyewe.

Julai ilikuwa imekatika nusu Orva alipoingia uani na gari lake la farasi. Verl alisimama wima kama mtu anayesubiri hukumu. Orva alimfunga farasi kwenye nguzo ya sanduku la barua, akapanda barazani, akakaa kabla ya kukaribishwa.

"Sikuja kugombana," akasema. "Dini yangu hairuhusu. Lizzie alitaka aje yeye, lakini yeye kuishika dini hiyo bado kunamshinda kidogo."

"Orva, nilikukosea," Glenda akasema.

"Ulinikosea. Watu wangu wamepoteza bei tuliyoijenga miaka mingi." Akaivua kofia polepole ili neno limwingie vizuri, kama mtu anayejua kushindilia. "Hayo yamepita. Sasa sikiliza. Jimbo la jirani kuna madaktari waliochoshwa na Kampuni, wamefungua vyumba vyao vya upasuaji pembeni ya duka la matairi. Wiki nzima nimevutana nao. Mmoja baba yake alikuwa dalali wa ng'ombe, nilipata shida sana. Elfu mbili na mia moja mkono, kila kitu humo. Ila kwa kundi. Wanataka watu kumi kwa siku moja. Mimi nina tisa."

Glenda alimtazama. "Unaniomba?"

"Nakuhesabu."

"Kwenu hakuna mgonjwa mwingine?"

"Walikuwepo. Walisikia bei mpya ya Wexley wakapona." Akakohoa. "Kuna jambo moja. Hiyo bei ni ya wasio na bima. Watakuuliza pale mezani. Mimi sisemi uongo, na wala sitakusemea. Utajibu mwenyewe."

Glenda alifundisha watoto shule ya Jumapili miaka kumi na minane. Amri zote kumi alizibandika ukutani, kila moja na picha yake.

"Na nauli?" aliuliza Verl, ambaye amri iliyomsumbua ilikuwa nyingine.

"Ya watu tisa."

"Si umesema kumi?"

"Wa kumi ni mkeo. Utamtoza mkeo?"

Verl alimgeukia Glenda kwa matumaini, kana kwamba swali lile lilikuwa na majibu mawili.

Fedha zilipatikana. Verl aliuza trekta lake dogo la kukatia nyasi kwa jirani, na zilizobaki zikatoka kwenye kopo la Krismasi. Jumamosi iliyofuata jirani alikuja kwenye ua, amelikalia trekta lile, akawaonyesha nyasi zao zilivyorefuka, akajitolea kuzikata kwa dola thelathini.

* * *

Pale pembeni ya duka la matairi hapakuwa na bango la buluu. Palikuwa na mlango wa kioo, viti, na karatasi moja ukutani iliyoandikwa kwa herufi kubwa: mkono bei hii, goti bei hii, ngiri bei hii. Glenda aliisoma mara mbili. Hapakuwa na mahali palipoandikwa inategemea.

Waamishi tisa walikaa mstari mmoja, wanaume kofia magotini, wanawake vilemba vyeupe vimefungwa chini ya kidevu, na mwisho wa mstari alikaa Glenda na blauzi yake ya maua. Njiani hakuna aliyemsema. Lizzie Yutzy, aliyekuja kumsindikiza dada yake, alimpa kipande cha mkate wa tangawizi bila kumtazama usoni, kisha baada ya maili nyingi akampa kingine akimtazama.

Mama wa mapokezi aliwaita mmoja mmoja. Kila mmoja alisimama, akaulizwa, akajibu kwa neno moja, akarudi kukaa. Likafika jina lake.

"Glenda Truax. Una bima?"

Kadi ilikuwa ndani ya mkoba, kwenye mfuko wa zipu, pamoja na picha za wajukuu. Miaka kumi na moja akiilipia. Mia nne na kumi, na kabla ya hapo mia tatu na sabini, na kabla ya hapo hakumbuki. Ilikatwa alipokuwa mzima, ilikatwa alipougua, ilikatwa hata mwezi ule alioomba mkopo wa matairi. Alimtazama Orva. Orva alikuwa anakagua ukingo wa kofia yake kama dalali anayetafuta kasoro.

Agosti ilikuwa wiki mbili mbele. Mkono ulikuwa umelala mapajani mwake, vidole vimejikunja nusu, unasubiri kusemewa.

"Sina," akasema.

Mama wa mapokezi alimtazama blauzi, akautazama mstari wa vilemba vyeupe, akamtazama shemasi. "Huyu yuko nanyi, mzee?"

Orva aliinua kichwa polepole. "Ndiye wa kumi," akasema, na hapo hakuna aliyeweza kumshika kwa uongo.

Muhuri ukagongwa. Glenda alihesabu noti kwa mkono wa kushoto, akazisukuma mezani, akapewa gauni la kufungwa mgongoni na risiti yenye mstari mmoja. Lizzie alimsaidia kufunga kamba, maana vidole vyake havikuweza. Tangu Glenda aanze kuilipia, hii ilikuwa mara ya kwanza bima ile kumsaidia yeye mwenyewe, na ilimsaidia kwa kukanwa.